FATAKI ZA MJOMBA: NANI MWENYE SAHIHI?

Najua nimepotea karibu wiki tatu, msinitupie mawe. Assaimenti zilikuja zote kwa mpigo, bumu likachelewa, halafu mwenzangu wa chumbani akaugua malaria, basi ikawa tafrani. Leo nimetoka maktaba na karatasi nilizoandika pande zote mbili, na nisipoyamwaga haya sasa hivi nitayasahau. Wale mnaosema huwa naandika marefu, chukueni chai kabisa.

Nianzie nyumbani, Nachingwea.

Desemba 2024 nilikwenda kijijini kwa mapumziko ya Krismasi. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa ametoka kuchaguliwa mwenyekiti wa kijiji kwenye ule uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27. Mnaotoka kusini mnajua mjomba kwetu ni nani. Baba ni baba, lakini mambo mazito ya ukoo hayaendi bila mjomba. Sasa mjomba huyo huyo awe na muhuri wa kijiji! Alitembea nao mfukoni kama mtu aliyenunua simu mpya.

Basi binamu yangu, mtoto wa mjomba mwenyewe, akaja kutoka Dar na boksi la fataki alilolinunua Kariakoo. Vijana wakapanga kuzirusha usiku wa kuamkia mwaka mpya, uwanjani, karibu na ghala la korosho. Wakaja kwa adabu zote: "Shikamoo mwenyekiti, tunaomba kibali." Mjomba akachana karatasi ya daftari, akaandika kwamba anaruhusu, akagonga muhuri pa! Kisha, kwa kuwa ni mtu wa kufuata utaratibu, akanituma mimi nikampelekee mtendaji wa kijiji ile barua aiweke kwenye faili.

Mtendaji akaisoma, akacheka kidogo, wala hakucheka kwa dharau. Akaniambia, "Dada, mwambie mwenyekiti hii sahihi siyo yake. Na mimi siyo yangu. Mambo ya milipuko waende polisi, wilayani."

Nikarudi na jibu. Mjomba alinyamaza kitambo, akaikunja ile karatasi mara nne. Halafu akauliza, siyo kuniuliza mimi, aliuliza tu: "Sasa mimi wamenichagua nisaini nini?"

Swali hilo nimekaa nalo. Na lingeishia hapo kama nisingepangiwa TP Ruangwa mwaka 2025. Nikiwa nafundisha Uraia kidato cha tatu, mada ya serikali za mitaa, mtoto wa kiume wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Madamu, meya wetu Ruangwa ni nani?" Nikamjibu harakaharaka kwamba Ruangwa haina meya, meya ni wa manispaa na jiji, sisi ni halmashauri ya wilaya kwa hiyo tuna mwenyekiti wa halmashauri. Hapo nilikuwa sahihi. Ila akaongeza, "Yeye ndiye mkubwa wa wilaya?" Na mimi, jamani, nikasema ndiyo. Darasa zima likacheka. Watoto wale wanamjua mkuu wa wilaya, wanamwona kwenye mwenge na kwenye ziara, wanajua anayesimamiwa na watu wote wakati anaingia. Mimi mwalimu mwanafunzi wa historia nikawa ndiye sijui.

Kwa hiyo haya ninayoandika ni deni. Namlipa yule mtoto na namlipa mjomba.

Tukianza mbali kidogo: huku kwetu mtu wa kutoa ruhusa amekuwa mtu wa kuletwa tangu zamani. Mjerumani alitawala pwani na kusini kwa maakida na majumbe. Akida aliteuliwa na serikali, mara nyingi hakuwa hata mtu wa eneo lile, na kazi yake ilikuwa kukusanya kodi, kuamua kesi ndogo na kuhakikisha watu wanakwenda kazini. Mwaka 1905 Maji Maji ilipofika kwa Wamwera, misheni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa moto, na chuki juu ya maakida na kodi zao ilikuwa mojawapo ya sababu za vita yenyewe. Yaani hasira ya kwanza kubwa tuliyoisoma darasani ilikuwa pia hasira juu ya mtu wa kuteuliwa.

Mwingereza alipokuja akasema yeye atatawala kwa kupitia wenyeji. Gavana Donald Cameron akapitisha sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926. Bukoba na Usukuma ilikuwa rahisi, kulikuwa na wakama na watemi. Kusini hapakuwa na watawala wakubwa wa namna hiyo, watu walikaa kwa koo na vijiji, basi serikali ikahangaika kuunda viongozi ambao wenyeji hawakuwazoea. Kuna kitabu cha J. Gus Liebenow cha mwaka 1971 kuhusu Wamakonde kinaeleza mahangaiko hayo vizuri. Mwandishi anazungumzia Newala, lakini mtu wa Nachingwea akisoma atatikisa kichwa tu.

Halafu zikaja karanga.

Hapa naomba nikae kidogo, maana mji wa Nachingwea kama tunavyoujua ni mtoto wa karanga. Baada ya vita vya pili vya dunia Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ukaja kuangalia ardhi, na waliporudi London wakapendekeza kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Vifaru vya kivita vya Sherman viligeuzwa matrekta, yakaitwa Shervick. Wakajenga bandari Mtwara, wakajenga reli ya kuja Nachingwea, wakajenga nyumba, hospitali, barabara. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba imeshindwa, na pauni milioni 36 na ushei zikafutwa vitabuni. Reli nayo ikafungwa miaka ya mwanzo ya uhuru, mataruma yakang'olewa. Bibi yangu anaonyesha ilipopita kama mtu anayeonyesha kaburi.

Kinachonihusu mimi leo ni kwamba mji huo mzima ulipangwa na kuendeshwa na shirika la umma la Uingereza lililokuwa na wakubwa wake London. Aliyeamua barabara ipite wapi hakupigiwa kura na mtu yeyote wa Nachingwea. Mji ulizaliwa bila baraza. Labda ndiyo maana hata leo ukiwauliza wazee nani alijenga soko au barabara fulani watakutajia "kampuni", "serikali", "mkuu wa wilaya yule mfupi", lakini diwani hatajwi kabisa.

Mwaka 1953 ikapitishwa sheria ya serikali za mitaa iliyoruhusu mabaraza ya wilaya yenye wajumbe. Kwenye makaratasi ilikuwa hatua nzuri. Tatizo ni kwamba serikali iliyafungamanisha mabaraza hayo na siasa yake ya mseto wa rangi, Mwafrika, Mhindi na Mzungu wakae pamoja hata pale ambapo Mzungu ni wa kuhesabu kwa vidole. Geita mwaka 1958 wananchi waliligomea baraza la namna hiyo, wakaandamana mpaka Mwanza, na mwisho wa yote serikali ikabidi ilivunje. Nalipenda sana tukio la Geita. Ni mara chache kwenye historia yetu ambapo baraza lilivunjwa kwa sababu wananchi wamelikataa. Mara nyingine zote nitakazotaja hapa chini, lilivunjwa na mkubwa.

Uhuru ukaja. Wengi tunafikiri uhuru ulimpa nguvu diwani. Mwaka 1962 wale wakuu wa wilaya wa kikoloni wakabadilishwa, wakawekwa wakuu wa wilaya wapya walioteuliwa kisiasa, waliokuwa pia makatibu wa TANU katika wilaya zao. Mwaka 1963 machifu wakaondolewa kisheria. Na mwaka huo huo 1963, wadau, ndipo Bunge lilipopitisha Sheria ya Baruti, ambayo kwa marekebisho mengi ingalipo mpaka leo. Mnaona sasa barua ya mjomba ilikwama wapi? Baruti ni mali ya serikali kuu. Kuingiza, kuhifadhi na kulipua kunataka kibali kutoka juu, na siku hizi vibali vya baruti vinapita Tume ya Madini. Polisi nao kila mwisho wa mwaka wanatangaza marufuku ya kuchoma matairi na kurusha fataki bila kibali. Baraza la madiwani halimo kwenye mnyororo huo hata kwa bahati mbaya.

Hili neno fataki lenyewe lina vituko. Kamusi za zamani zinasema fataki ni kile kidude cha kuwashia risasi ya bunduki. Wachimbaji, na Ruangwa wapo wa kutosha kwenye dhahabu ya Namungo, wakisema fataki wanamaanisha kiwashio cha baruti, na hata hotuba za bajeti za wizara ya madini hutaja fataki kwa maana hiyo. Watu wa Zanzibar wanaporusha mianga usiku wa kuamkia sherehe za Mapinduzi, Januari 12, wao husema fashifashi. Na miaka ya mwisho ya 2000 kulikuwa na matangazo ya redio yaliyomwita fataki yule mzee anayewafuata wanafunzi wa kike, mpaka leo shuleni neno hilo linaleta vicheko. Nilipolitaja darasani Ruangwa nilijuta.

Lakini siyo utani tu. Bibi yangu hataki kusikia mlio wa fataki. Alikuwa msichana wakati FRELIMO wana kambi yao Nachingwea, tangu katikati ya miaka ya 1960 mpaka Msumbiji ilipopata uhuru Juni 25, 1975. Samora Machel alikaa pale akifunza wapiganaji. Bibi anasema kila mlio mkubwa walifikiri Mreno amevuka Ruvuma na ndege. Na wanaoishi Dar wanakumbuka mabomu ya ghala la jeshi Mbagala, Aprili 29, 2009, na yale ya Gongo la Mboto, Februari 16, 2011, watu walivyokufa na watoto walivyopotea njiani wakikimbia. Kwa hiyo simlaumu mtendaji, na wala sisemi kila mwenye muhuri aruhusu kulipua. Ninachouliza ni kingine: kwa nini mtu aliyechaguliwa ndiye wa mwisho kujua kwamba hana ruhusa ya kutoa ruhusa?

Tuendelee. Mwaka 1972 serikali ikaleta Madaraka Mikoani. Jina tamu kweli. Washauri walikuwa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Mabaraza ya wilaya yakafutwa, na mahali pake wakawekwa wakurugenzi na maofisa wa serikali kuu walioletwa mikoani na wilayani. Madaraka yalikwenda mikoani kweli, ila yalikwenda ndani ya mikoba ya maofisa. Mabaraza ya miji nayo yakafuata. Matokeo yake, miji ikakosa hata mtu wa kuzoa taka, na baada ya milipuko ya kipindupindu sheria ya mwaka 1978 ikarudisha mabaraza ya miji. Ya wilaya yalisubiri sheria za mwaka 1982, na kazi ikaanza upya mwaka 1984. Miaka 12 Nachingwea haikuwa na diwani mwenye baraza! Mtoto aliyezaliwa 1972 alifikisha miaka 12 hajawahi kuona kikao. Mwalimu Nyerere mwenyewe, kwenye mahojiano ya mwaka 1984 na jarida la Third World Quarterly, alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya. Nilisoma hiyo mara mbili maktaba. Kwetu watu wa korosho yote mawili yanauma.

Ruangwa ikapata kuwa wilaya mwaka 1995, kwa hiyo halmashauri yake imezaliwa ndani ya mfumo huu wa sheria ya 1982 na haijawahi kujua mwingine. Sasa tuangalie unavyofanya kazi, maana hapa ndipo nilipokosea darasani.

Siku ya uchaguzi kura za diwani zinahesabiwa kituoni, matokeo yanabandikwa ukutani, mawakala wanapewa nakala. Fomu zinakwenda kwa msimamizi msaidizi wa kata, anajumlisha, anatangaza mshindi na kumpa hati. Bila hiyo hati wewe bado ni raia tu mwenye furaha. Na ukiwa nayo bado hujawa diwani kamili mpaka ule kiapo kwenye kikao cha kwanza cha baraza. Kikao hicho cha kwanza hakina mwenyekiti, si ndiyo? Basi anayekalia kiti kwa muda ni Katibu Tawala wa Wilaya, mtumishi wa serikali kuu. Madiwani wa kata, wa viti maalum na mbunge wanapiga kura ya siri, mwenyekiti anapatikana, anavaa joho, anakalia kiti. Makamu wake anachaguliwa kila mwaka. Kisha kamati zinagawanywa, ile ya fedha, uongozi na mipango ndiyo kila mtu anaitaka.

Na pembeni ya mwenyekiti anakaa katibu wa kikao, ambaye ni mkurugenzi mtendaji wa halmashauri. Huyu huteuliwa na Rais. Ndiye mwenye watumishi, ndiye mwenye hundi. Sasa sikilizeni utamu: kwa miaka mingi mkurugenzi huyu huyu ndiye aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi. Yaani anasimamia uchaguzi wako, watu walio chini yake wanakutangaza na kukupa hati, halafu mnaingia ukumbini wewe unaitwa bosi wake. Utamhoji kwa sauti gani?

Kijana mmoja, Bob Chacha Wangwe, alilipeleka jambo hilo mahakamani. Mei 10, 2019 Mahakama Kuu ikasema vifungu vinavyowapa wakurugenzi kazi hiyo vinapingana na katiba. Oktoba 16 mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Kesi ikavuka mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha, na Juni 2023 mahakama hiyo ikaona kuna ukiukwaji. Mwaka 2024 ikaja sheria mpya ya uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani, ambayo inasema wasimamizi watateuliwa kutoka miongoni mwa watumishi wa umma waandamizi. Mkurugenzi naye ni mtumishi mwandamizi. Nadhani mmenielewa.

Sheria hiyo hiyo ilileta kura ya ndiyo au hapana kwa mgombea aliyebaki peke yake. Kabla ya hapo ulikuwa unapita bila kupingwa, unatangazwa bila hata karatasi moja kutumbukizwa sandukuni. Ruangwa tunalijua hilo, maana mwaka 2020 mbunge wetu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, ambaye alikuwa Waziri Mkuu, alipita hivyo. Wanafunzi wangu walikuwa wadogo lakini wanakumbuka kwamba kura ya mbunge haikuwepo. Sizungumzii mtu, nazungumzia hati. Hati iliyotolewa bila kura ina wino ule ule na hati iliyotolewa kwa kura elfu ishirini.

Uchaguzi wa kina mjomba ni habari nyingine tena. Huo hausimamiwi na Tume, unasimamiwa na TAMISEMI, kwa kanuni anazotoa waziri. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa. Mwaka 2024 walishiriki, wengi wakaenguliwa tena, na CCM ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya vijiji. Mjomba mwenyewe ananiambia nisiandike hapa alikuwa chama gani, hesabu fanyeni wenyewe.

Kuna watu watasema, aah, hayo ni mambo ya wilaya maskini, mjini meya ana nguvu. Haya, twende Dar. Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi yule yule wa Sheria za Kutunga Mashairi, mwaka 1960. Tulimsoma kwenye ushairi hatukuambiwa alikuwa meya. Sasa rukeni mpaka uchaguzi wa 2015. Vyama vya UKAWA vilipata madiwani wengi jijini, wakawa na hesabu ya kumchagua meya. Uchaguzi wa meya ukaahirishwa mara kadhaa. Februari 27, 2016 madiwani wamekaa ukumbini, wakatangaziwa kwamba kuna zuio la mahakama, ikawa vurugu. Mpaka Machi 22 ndipo Isaya Mwita wa Chadema akachaguliwa. Miezi mitano tangu wananchi wapige kura! Na Februari 24, 2021 Rais Magufuli akaivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, akaipandisha Ilala kuwa ndiyo jiji. Joho la meya na mkufu wake vyote vilikuwepo, na bado sahihi iliyomaliza mambo ilitoka kwingine.

Kwa haki niseme, siyo sisi tu. Uholanzi meya hapigiwi kura na wananchi, huteuliwa kwa amri ya kifalme, na ndiye anayeshughulikia utulivu wa mji usiku wa mwaka mpya fataki zinapolia. Lakini kule baraza la mji limekuwa likijadili na kuamua kuzipiga marufuku fataki za mitaani, Rotterdam walifanya hivyo kuanzia mkesha wa 2020. Baraza la Nachingwea likitaka kutunga sheria ndogo ya kelele za usiku linaweza, sheria ya 1982 inaruhusu, ila sheria ndogo hiyo haitatumika mpaka waziri aipitishe. Na mkuu wa wilaya, kwa sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1997, anaweza kuamuru mtu awekwe ndani mpaka masaa 48 akiona anahatarisha amani. Mtu, pamoja na diwani. Mwenyekiti wa halmashauri hawezi kumweka ndani hata mbuzi.

Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa yule mtoto wa dawati la nyuma. Mwenyekiti wa halmashauri ni mkubwa wa kikao. Akiwa na madiwani wenye kusoma makaratasi anaweza kuikataa bajeti, kuhoji ushuru wa korosho umekwenda wapi, kumfanya mkurugenzi ajieleze mbele ya watu. Hiyo siyo nguvu ndogo. Ila ni nguvu ya mdomo na kura, na inategemea sana kama mwenye mdomo anaogopa.

Na mjomba? Hapa ndipo nilipopata mshangao wangu maktaba, na nilimpigia simu usiku ule ule.

Nilimwambia, mjomba, kwa fataki huna kitu. Kwa ngoma unacho, na hilo analijua, maana unyago ukikaribia watu huja kwake, naye huwakumbusha kwamba iwe likizo ya shule, watoto wasikatishwe masomo. Lakini kikubwa ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inasema halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, na kuigawa kunahitaji idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji. Anayeongoza mkutano huo ni yeye. Muhtasari wake una sahihi yake. Ruangwa kuna madini ya kinywe, wawekezaji wameshafika, na madini yaliyo chini ni ya taifa, lakini anayelima juu ana haki zake na karatasi nyingi huanzia ofisi ya kijiji. Nikamwambia, mjomba, huwezi kuruhusu fataki moja ya shilingi elfu tano, ila karatasi ya shamba lenye mikorosho ya watu inaweza kupita mbele ya muhuri wako kesho asubuhi.

Akakaa kimya, nikadhani mtandao umekata.

Akauliza, "Na huo muhtasari, lazima watu wawepo kweli mkutanoni?"

Nikamwambia lazima, na mahudhurio yaandikwe.

"Kuna mmoja niliusaini mwezi wa tatu," akasema. "Waliniletea nyumbani, wakasema ni wa kukamilisha faili tu."

Hakusema wa shamba gani wala waliouleta ni kina nani, na kwa simu sikutaka kumbana, ni mjomba wangu. Aliniambia tu nikija likizo nije na hiyo sheria imechapishwa, kwa maandishi makubwa, miwani yake imevunjika mkono mmoja. Nimeshaichapa pale kwa jamaa wa stesheneri, kurasa nyingi ajabu, hela ya wali ya siku tatu imekwenda.

Lile boksi la fataki bado lipo, mnaouliza. Polisi vijana hawakwenda, waliona mlolongo mrefu. Mjomba aliliweka stoo, juu ya mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho, mpaka bibi alipoliona akapiga kelele nyumba nzima ikakusanyika. Sasa liko chini ya kitanda cha binamu yangu, naye amerudi Dar.